Nina mimba ya miezi saba, korona na kafyu vimenitia wahka, usingizi sina. Nisaidieni

BintiLikoni – 15 Juni 2020

Hamjambo kina mama na kina dada. Huwa nasoma tu humu kimya kimya, leo nimeona bora niandike manake nyumbani sina wa kumwambia akanielewa. Nina mimba ya miezi saba, ndiyo ya kwanza, nakaa Likoni. Tangu hii korona iingie Kenya mwezi wa tatu sijielewi kabisa. Mume wangu alikuwa weita hoteli moja huko Diani, hoteli zikafungwa wakaambiwa kaeni nyumbani tutawaita, na mpaka leo hawajaitwa, mshahara hakuna. Anatoka asubuhi kutafuta kibarua, akirudi namvulisha nguo mlangoni kabla hajaingia, naye anakasirika, mimi nalia, ndio maisha yetu sasa.

Usiku nalala saa nne, saa nane nshaamka, na hapo ni macho makavu mpaka adhana ya alfajiri. Nalala ubavu nasikiliza kama mtoto anacheza, akitulia kidogo tu moyo unanienda mbio nakosa pumzi, najiambia hii ndiyo korona yenyewe imenipata. Mikono nimeiosha kwa sabuni ya kufulia na jiki mpaka imebabuka baina ya vidole, nikishika limau nasikia moto. Chakula hakipiti. Kila siku waziri Kagwe akisoma hesabu ya wagonjwa nakaa mbele ya tv, nikizima nafungua simu niangalie tena, na zile video za siku ya kwanza ya kafyu, hii amri ya kutotoka usiku, tarehe 27 Machi, watu walivyopigwa na polisi pale feri ya Likoni, bado zanijia kichwani najiuliza uchungu ukinishika usiku ntapita wapi mimi.

Kliniki niliacha tangu mwezi wa nne. Siku ya mwisho nilifokewa na nesi mbele ya watu eti nimekaa karibu na mwenzangu, na bench lenyewe lilikuwa moja, tena nikasikia wakisema siku ya kuzaa hakuna kuingia na mtu, ni wewe peke yako na begi lako. Nikatoka pale nikajiambia sirudi.

Mamangu yuko Voi. Ilikuwa aje mwezi wa saba anikande na anikalie arobaini, lakini Mombasa tumefungwa tangu Aprili, hakuna kuingia wala kutoka, juzi rais kafungua Kilifi na Kwale, sisi katuongezea siku thelathini. Mavyaa yupo hapa hapa mtaani lakini nikimwambia ananijibu mimba ndivyo zilivyo, wacha kudeka.

Na sasa niseme lile linalonitisha zaidi. Kuna siku nakaa naona afadhali nilale nisiamke tena. Sijafanya kitu na sina nia ya kufanya, lakini wazo linakuja lenyewe. Nikienda kusema hospitali naogopa wataniandikia Port Reitz, kule wanakotibiwa wagonjwa wa akili, na mtaa mzima waseme nimerukwa na akili.

Je haya ni ya mimba tu yatapita? Na mtoto anadhurika na haya mawazo yangu? Walio na mimba saa hizi au mliozaa juzi mnafanyaje?

---

Mja_wa_Mola

Pole dadangu. Piga moyo konde, zidisha dua na usome Suratul Maryam kila siku, utaona wepesi. Mama zetu wamezaa kwenye vita na njaa na hawakuwa na haya mambo ya mawazo. Zima hiyo tv. Mungu akufungue salama.

---

MamaWaMei

Shoga yangu nimesoma nikalia, manake ungeniuliza mwezi wa nne ningekuandikia haya haya. Mimi nimezaa mwezi wa tano, nakaa Kisauni. Na ndugu hapo juu sikukatai, dua ni dua, lakini hao mama zetu walikuwa nayo mawazo, ila hawakuwa na pa kuyasema. Bibi yangu mzaa mama alizaa wa tatu akakaa miezi hasemi na mtu, wakasema kapagawa, mpaka leo yeye mwenyewe hajui ilikuwa nini.

Nikwambie ilivyokuwa ili usibaki na picha ya kutunga kichwani, manake ile ya kutunga ndiyo inayoua. Uchungu ulinishika saa mbili usiku, wakati ule kafyu ilikuwa saa moja. Mume wangu alikuwa ashapatana mapema na jirani mwenye tuktuk, namba yake tumeibandika ukutani, na kitabu changu cha kliniki tuliweka juu ya begi kionekane. Tulisimamishwa njiani mara mbili, mara ya kwanza nikaonyesha kitabu na tumbo, mara ya pili hata sikuulizwa kitu, askari kanimulika tochi akasema pita mama. Hospitali mume alizuiwa getini kweli, hilo sitakuficha, liliniuma. Lakini ndani nilimpata mkunga mtu mzima, kavaa manguo yale ya plastiki mpaka usoni, simjui sura mpaka kesho, na mkono wake haukuniacha. Akinambia pumua na mimi, pumua na mimi. Nikazaa saa kumi alfajiri.

Baada ya kuzaa ndipo nilipoanza kulia bila sababu, siku ya tatu ya nne hivi, mamangu naye yuko Taveta hawezi kufika. Tulichofanya ni hiki, wifi yangu alichukua simu akaiegemeza kwenye ndoo, mamangu kwenye video anamwelekeza, maji yasiwe ya kuunguza, kamua taulo, anza mgongoni, sasa kiunoni, hapo hapo mwanangu usiharakishe. Wifi yangu hajazaa, hajawahi kukanda mtu, jasho linamtoka. Basi kila asubuhi ikawa hivyo, na mimi kusikia tu sauti ya mamangu mle ndani ilinishusha pumzi. Kredo zinakwisha ndiyo, lakini mambo mengine mtu akate huko kwingine.

Kwa hiyo tafuta mtu mmoja, si lazima awe mavyaa. Jirani, binamu, mtu wa kanisani au msikitini, umfunze mapema na mamako awe kwenye simu.

---

MkungaWaPwani

Mwanangu BintiLikoni, mimi ni nesi mkunga, wodi ya uzazi ndiyo kazi yangu. Nitaandika marefu, univumilie.

Kwanza lile la kutaka kulala usiamke. Umefanya vizuri sana kulisema. Usikae nalo peke yako hata leo usiku. Mwambie mumeo kwa maneno hayo hayo uliyoandika hapa. Na kama wazo litageuka likawa mpango, yaani unaanza kufikiria vipi na lini, hapo husubiri asubuhi, unaamsha mtu mnakwenda hospitali, kafyu ama si kafyu. Red Cross ya Kenya wana namba ya bure ya ushauri, 1199, wanaongea Kiswahili vizuri na hawakuulizi pesa. Pia kama kuna mtu anakupiga au anakutisha humo ndani, hukusema lakini nauliza kwa sababu watu wamefungiwa pamoja na pesa hakuna, namba ya hilo ni 1195.

Sasa swali lako, ni ya mimba tu? Kuwa na wasiwasi wakati wa ugonjwa kama huu ni haki ya kila mjamzito. Lakini wewe unasema usingizi umeondoka, chakula hakipiti, kunawa mpaka ngozi inatoka, kulia, na kuona bora usiwepo. Mambo kama hayo yakikaa karibu kila siku kwa wiki mbili na zaidi, sisi hatuyaiti kudeka. Ni ugonjwa, una jina, dipresheni na wasiwasi wa kupindukia wa wakati wa mimba, na unatibika. Tena si wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani wanasema katika nchi zinazoendelea kama zetu ni kama asilimia 15.6 ya wajawazito na 19.8 ya waliojifungua, na hesabu hizo ni za kabla ya korona. Maana yake ukikaa kwenye lile bench la kliniki, katika kila wajawazito sita au saba mmoja anabeba unachobeba wewe na amevaa buibui lake safi amenyamaza.

Tuna maswali tunayotumia kupima. Ni 10 tu, yalitungwa Edinburgh huko Scotland mwaka 1987 na yamefasiriwa kwa Kiswahili. Yanauliza siku 7 zilizopita ulikuwaje: umeweza kucheka, umejilaumu bila sababu, umeogopa bila sababu ya maana, umekosa usingizi kwa huzuni, na la mwisho ni lile la kujidhuru. Kila jibu lina alama kuanzia 0 mpaka 3, jumla 30. Hakuna sindano, hakuna mashine, ni dakika chache. Shida ni kwamba kliniki nyingi hazikuulizi mpaka wewe useme, foleni ni refu na nesi ni mmoja. Kwa hiyo sema wewe. Na la Port Reitz nakwambia kwa dhati, mjamzito mwenye dipresheni anaanzia hapo hapo kliniki, anaongea na nesi au mshauri, anarudi kwake kupika. Wanaolazwa ni wachache na hulazwa kwa sababu hali imekuwa ya hatari. Hata huko Port Reitz kwenyewe ni hospitali kama nyingine, watu wanatibiwa wanarudi kwa watoto wao, sisi wenyewe ndio tumeipa jina baya.

Mtoto anadhurika? Hukumlemaza kwa kulia, ondoa hilo kichwani leo leo. Huzuni nzito ikikaa miezi bila kutibiwa ndiyo inayohusishwa na mtoto kuja kabla ya wakati na kuzaliwa na uzito mdogo, na mama mwenyewe anaacha kula na anaacha kliniki. Ndiyo maana kliniki inanitia wasiwasi kuliko hayo mawazo yako.

Niseme hapa kwa ukali kidogo kwa sababu nakupenda. Miezi saba ndipo presha ya mimba inapojitokeza, na presha haipigi hodi. Miezi miwili hujapimwa presha, mkojo wala damu. Sierra Leone wakati wa Ebola, 2014 na 2015, wajawazito waliogopa hospitali wakakaa majumbani, na kuna kina mama wengi na watoto waliokufa kwa mambo ya uzazi ambayo hospitali ingeyazuia, si Ebola iliyowaua. Wizara yetu ilitoa mwongozo mwezi wa nne kwamba huduma za wajawazito na kujifungua zisisimame. Vaa maski yako, piga simu uulize siku yenye watu wachache, simama nje kwenye hewa mpaka uitwe. Yule nesi aliyekufokea alikosea, hata kama alikuwa na hofu yake, na ukitaka badilisha kliniki, ni haki yako. Hapo hapo Likoni kuna hospitali ya kaunti ndogo yenye wodi ya uzazi, si lazima upange kuvuka feri usiku kama huna tatizo linalohitaji hospitali kubwa. Hilo moja peke yake naona litakupunguzia nusu ya hofu ya saa nane usiku.

Ukiona damu, kichwa kikikuuma sana na macho yanaona ukungu, uso na mikono ikivimba, maji yakitoka, au mtoto akiacha kucheza kama kawaida yake, hapo hakuna kusubiri kafyu iishe.

Kuhusu mtu wa kukaa nawe leba, Shirika la Afya Duniani wanasema kila mama awe na mtu anayemtaka hata wakati huu wa korona, lakini hospitali zetu kila moja na sheria yake. Uliza mapema, kabla ya siku yenyewe. Wakikataa, omba simu yako iwe nawe. Na nimewasikia wengi mtaani wakiogopa kwamba ukipatikana na korona mtoto ananyang'anywa. Mwanzoni huko China waliwatenganisha kweli. Sasa hivi mwongozo ni mama akae na mtoto wake na anyonyeshe, avae maski, anawe mikono kabla ya kumshika.

Na mikono hiyo, jiki ni ya sakafu na choo. Sabuni ya kipande na maji inatosha, ukimaliza paka mafuta ya nazi.

---

BabaKijacho

Naomba niongee kama mwanamume, najua humu ni kwa kina mama. Dada mpe mumeo asome hapa.

Ndugu yangu, mimi naendesha magari ya watalii, au niseme nilikuwa naendesha, tangu Machi gari liko yadi. Mke wangu ana miezi minane. Tulikaa tukaandika kwenye karatasi pesa iliyopo, kodi ya nyumba, unga, na siku ya kuzaa. Kilichomtuliza mke wangu zaidi ni kujua kwamba mwaka huu wa 2020 kuzaa hospitali ya serikali ni bure kwa Linda Mama, ule mpango wa serikali, unajiandikisha na kitambulisho na kitabu cha kliniki, yeye alikuwa halali akihesabu pesa ya hospitali ambayo haihitajiki. Nyumba ya mwanamume aliyekosa kazi inakuwa na kimya kibaya, kila mtu anabeba lake, na mjamzito kile kimya anakijaza na mambo mabaya kuliko ukweli wenyewe.

Mengine ni madogo. Jioni simu yake nakaa nayo mimi, habari za korona nasikiliza mimi, kama kuna jambo la maana namwambia kwa maneno mawili. Kliniki namsindikiza mpaka getini, nikizuiwa nakaa chini ya mti mpaka atoke. Akiniambia vua nguo mlangoni navua tu. Inanichukua dakika moja na yeye inampa usiku mzima wa amani, sioni cha kugombania hapo. Na saa nane akiamka anajua anaruhusiwa kuniamsha.

---

Kayole_mum

Naandika kutoka Nairobi. Huku kuna daktari wa wanawake anaitwa Jemimah Kariuki, yeye aliona baada ya kafyu kuanza kina mama wanaokuja kuzaa usiku wamepungua, na wanaofika wanafika wameshaharibika, akaanzisha kitu kinaitwa Wheels for Life. Wakati huu wa kafyu unapiga 1196 bure usiku, daktari anaongea na wewe kwanza, kama ni leba kweli unatumiwa gari au ambulansi. Dada yangu mdogo alipiga, nikwambie ukweli kilichomsaidia kwanza ni ile sauti ya daktari saa saba usiku ikimwambia hizi dalili zako ni za kawaida lala upande wa kushoto nipigie tena ukiona hivi na hivi. Sasa kwa wa Mombasa sijui niwaambieje lakini BintiLikoni kliniki ikikupa hata namba moja ya mtu wa kupigia usiku, komaa nayo hiyo.

Na wewe Mja_wa_Mola usikasirike, ila ukimwambia mgonjwa kwamba wenzake hawakuwa na mawazo anazidi kunyamaza.

---

Mja_wa_Mola

Sijakasirika dada. Nimeelewa. Dua iwepo na daktari awepo.

---

BintiLikoni – 16 Juni 2020

Nimesoma yote mara mbili. Nimempa mume wangu asome, hakusema kitu, akatoka akakaa barazani muda, kisha akarudi akaniuliza hilo la kutoamka nimelifikiria tangu lini. Tumeongea mpaka usiku. Ameenda leo asubuhi kumuona mzee wa tuktuk wa mtaa wetu na amechukua namba. Mamangu nimempigia nimemwambia kuhusu video, amekubali, kasema anataka kwanza amjue huyo atakayenikanda.

Nimeamua Alhamisi nakwenda kliniki, si ile, hii ya karibu. Sasa Sista MkungaWaPwani nina maswali mawili nisamehe. Nikifika mbele ya nesi naanzaje? Manake najijua, ataniuliza hujambo ntamwambia sijambo. Na la pili wakinipa dawa za mawazo, si zitamharibu mtoto na nitakuwa nazitegemea maisha?

---

MkungaWaPwani

Hongera mwanangu, na mpe mumeo salamu zangu.

La dawa kwanza. Wengi hawaanzi na dawa, wanaanza na kuongea, na si lazima awe daktari. Pakistan wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wa kawaida, walifunzwa kuwatembelea wajawazito wenye dipresheni na kuongea nao kwa utaratibu, kina mama wengi wakapona, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaufanya utaratibu huo mwongozo wa nchi zote. Kwa hiyo uliza pia mhudumu wa afya wa mtaa wako ni nani. Hali ikiwa nzito, zipo dawa ambazo mjamzito na mama anayenyonyesha anaweza kupewa, daktari anapima faida na hasara na wewe. Si za kulevya, na watu huziacha wakishapona. Usijinunulie kwa kemisti, usimeze za jirani, na ukishaanza usiache ghafla kwa sababu umeona umepata nafuu.

Niongeze moja kwa ajili ya mumeo na huyo atakayekukanda, walijue kabla. Baada ya kuzaa kulia kulia siku za mwanzo kunawapata wengi na hupita ndani ya wiki mbili. Kukivuka hapo ni kurudi kliniki. Lakini mzazi akikosa usingizi kabisa usiku na mchana, akasikia sauti au kuona vitu visivyokuwepo, akasema mambo ya ajabu kuhusu mtoto, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Hutokea kwa mmoja au wawili katika kila waliozaa 1,000, na ndiyo ile mtaani tunasema kapandwa. Anayetaka kumsomea amsomee akiwa tayari kitandani hospitali. Na ukizaa kwa opresheni, mwambie mkandaji tumbo haliguswi.

La kuanza, usingoje swali la hujambo. Ukikaa tu sema: "Sista, kabla hujanipima presha, nina wiki nyingi silali, sili, nalia, na kuna siku naona bora nisiamke." Basi. Ukiona aibu itakushinda, leo usiku nakili ulichoandika hapa juu kwenye karatasi, ikunje ndani ya kitabu cha kliniki kwenye ukurasa wa kwanza. Akifungua kitabu ataisoma.